John Tyndall: mutu wa vumbi na rangi ya mwezi

Wakati wa kiangazi, pori linapoungua, mwezi unatoka jioni mwekundu sawa kaa la moto. Kisha unapanda na kuwa mweupe. Wengine wanasema ni alama ya damu. Hapana. Kati ya watu waliofungua siri hii, kuna mumoja ambaye siye wafanyakazi tunapaswa kumujua.

John Tyndall alizaliwa 1820 Leighlinbridge, huko Ayalandi. Baba yake alikuwa polisi mudogo tu. Kijana akaingia kazi ya serikali, kupima ardhi na kuchora ramani. Mwaka 1843, kule Preston, Uingereza, yeye na wenzake walilalamika juu ya mushahara na namna walivyotendewa. Wakafukuzwa.

Hakulala. Alipima njia za treni, akafundisha shule, akaweka franga kidogo kidogo. Mwaka 1848, na miaka 28, akaenda kusoma Marburg, Ujerumani. Mwaka 1853 akawa profesa pa Royal Institution, London, pamoja na Faraday, mutoto wa mufua chuma. Tyndall alipenda sana kufundisha hata watu wa kawaida.

Kazi yake kubwa ilikuwa mwangaza. Alipitisha mwangaza mukali ndani ya bomba la kioo lenye chembe ndogo sana. Ukiangalia pembeni, unaona bluu. Ukiangalia pa mwisho wa bomba, mwangaza umekuwa wa manjano ao mwekundu, juu bluu imetawanyika njiani. Kisha Rayleigh alifanya hesabu, na akaonyesha kama hewa yenyewe inatosha kutawanya bluu.

Mwezi njo vile. Hauna moto wake, unarudisha mwangaza wa jua tu. Ukiwa chini, mwangaza unapita katika hewa ndefu yenye moshi na vumbi: bluu inapotea, nyekundu inafika. Ukiwa juu, njia ni fupi, unaonekana mweupe. Wakati dunia inaufunika mwezi, mwangaza unaoufikia umepita kwanza pembeni mwa dunia, ndani ya hewa yetu, ndiyo maana unakuwa mwekundu. Na mwaka 1883, mulima Krakatoa ulipolipuka huko Indonesia, vumbi lake lilifanya watu wa mbali waone mwezi wa bluu na wa kijani.

Lakini Tyndall hakubakia mbinguni. Kwa mwangaza ule ule, alionyesha kama hewa ya nyumba imejaa vumbi ambalo macho hayaoni. Akapuliza pumzi yake ndani ya mwangaza: ile ya mwisho, iliyotoka chini kabisa, haikuwa na vumbi. Lilikuwa limebakia mu mapafu. Akapumua kupitia pamba: vumbi likazuiliwa. Kutoka pale akatengeneza maski ya wazima-moto, yenye pamba, gliserini na makaa.

Alikufa 1893, juu ya kosa la dawa: bibi yake Louisa alimupa dawa moja pahali pa ingine.

Ndugu wachimbaji, na mama zetu: washeni taa ndani ya shimo, muangalie kile kinachoruka mbele yake. Njo kinachoingia kifuani na hakirudi. Kuomba maji ya kulowesha jiwe wakati wa kutoboa, na maski nzuri, si kiburi. Ni haki, na ushahidi wake una miaka zaidi ya 100.