MTU WA MWIBA: MAISHA YA ELIE METCHNIKOFF

Hapa kwetu Biliqo hakuna asiyeujua mwiba wa mgunga. Ukikudunga asubuhi ukichunga mbuzi, jioni mguu umevimba, una joto, unapwita, na kutembea ni taabu. Tangu utotoni nilidhani uvimbe ule ndio ugonjwa wenyewe. Kumbe sivyo! Aliyenifungua macho ni mtu aliyefariki mwaka 1916. Hebu niwasimulie habari zake, na mwishoni mtajua kwa nini nimemchagua yeye.

Elie Metchnikoff alizaliwa mwaka 1845 kijijini, karibu na mji wa Kharkov nchini Ukraine, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Alikuwa na akili kama mkuki: masomo ya chuo kikuu ya miaka minne aliyamaliza kwa miaka miwili. Lakini dunia haikumwonea huruma. Mke wake wa kwanza, Ludmila, aliugua kifua kikuu hata siku ya arusi akabebwa juu ya kiti, na mwaka 1873 akaaga dunia. Metchnikoff alikata tamaa kabisa, ila siku yake ilikuwa haijafika. Baadaye alioa tena, akaendelea kufundisha huko Odessa hadi mwaka 1882, siasa zilipochafua chuo naye akajiuzulu.

Akahamia Messina, kisiwani Sicily, kandokando ya bahari. Siku moja jamaa zake walikwenda kutazama sarakasi, yeye akabaki peke yake na hadubini. Alikuwa akichungulia vichanga vya yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, ambaye watu wa pwani humwita kiti cha pweza. Miili yao huangaza kama kioo, na ndani yake aliona chembe zikitembea huku na huko. Ghafla akapata wazo. Je, kama chembe hizi ni askari wa mwili? Basi adui akiingia, si zitamkimbilia? Akatoka bustanini, akachuma miiba ya waridi, akavidunga vile vichanga. Usiku huo usingizi haukumjia. Alfajiri akatazama, na lo! Chembe zilikuwa zimeuzunguka mwiba pande zote.

Hapo ndipo alipotambua kwamba uvimbe si ugonjwa, bali ni vita. Askari wa mwili hukimbilia penye adui na kummeza. Wataalamu wengi hawakumwamini, kwani walishika kwamba chembe nyeupe za damu huvibeba vijidudu na kuvisambaza. Hakurudi nyuma. Mwaka 1888 Louis Pasteur alimpa maabara jijini Paris, na huko ndiko alikofanyia kazi hadi kufa kwake. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mjerumani Paul Ehrlich. Uzeeni alihubiri pia maziwa ya mgando, akayanywa kila siku akiamini yanarefusha maisha. Sisi wafugaji tunaokunywa ititu hapo tulitabasamu!

Lakini askari wakigeuka je? Ehrlich alidunga mbuzi damu ya mbuzi wengine, na miili yao ikatengeneza silaha za kuiangamiza damu ile. Alipowadunga damu yao wenyewe, hakuna kilichotokea. Akasema mwili huogopa kujidhuru. Naye Metchnikoff alishuku kwamba uzeeni askari wale hula hata chembe nzima za mwili. Leo twajua kwamba woga ule wa mwili huweza kushindwa. Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa nifike nyumbani. Nyanya yangu alianza kuvimba vidole vya mikono yote miwili. Asubuhi vilikaza hata hakuweza kukama. Wengine walisema ni baridi, wengine wakasema ni kijicho cha watu. Tukanunua vidonge vya maumivu dukani, lakini wapi! Miaka ikapita, vidole vikapinda. Hatimaye daktari alitueleza kuwa ni baridi yabisi ya aina ambayo askari wa mwili huvamia viungo vyenyewe. Pale hakuna mwiba, lakini vita haviishi.

Dawa zipo, na zote kazi yake ni kuwatuliza askari. Mwaka 1948 Philip Hench wa Marekani na wenzake walianza kutumia kotisoni. Uvimbe ulishuka upesi, ila ikitumiwa muda mrefu hudhoofisha mifupa. Mwaka 1992 Ravinder Maini na Marc Feldmann wa London walijaribu dawa inayonyamazisha TNF, yaani mbiu ya vita inayopigwa hasa na chembe zile zile za Metchnikoff. Wagonjwa walipata nafuu kubwa. Hata hivyo, askari wakifungwa mikono, kifua kikuu kilichojificha huweza kuamka, ugonjwa ule ule uliomwua Ludmila, kwa hiyo mgonjwa hupimwa kwanza. Na mwaka 2022 madaktari wa Erlangen, Ujerumani, walitangaza kwamba wagonjwa watano wa lupasi walitulia baada ya chembe za damu yao wenyewe kutolewa, kufunzwa upya na kurudishwa mwilini.

Nyanya hakupata hayo makubwa. Yeye humeza methotreksati mara moja kwa wiki, na damu yake hupimwa kila mara. Vidole vilivyopinda havikunyooka, lakini maumivu yamepungua, na asubuhi hukama mbuzi wawili watatu. Tungalikwenda mapema, pengine angalikama zizi zima.

Ndiyo sababu nimemwandika Metchnikoff. Uvimbe wa mwiba huondoka na mwiba. Ukiona mzazi wako ana uvimbe usio na mwiba, tena wiki baada ya wiki, usimtafute mchawi. Mpeleke hospitalini. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.