Joe Davis: biliadi ya mipira mitatu ndiyo ilimfungulia njia ya snooker

Ukipita jioni katika mitaa ya Goma, Bukavu ao Bunia, hautakosa kuona meza ya biliadi chini ya bache, vijana wamesimama kandokando wanangojea zamu. Wengi wanajua kitu kimoja vizuri: kupiga mpira uingie shimoni. Mpira mweupe utasimama fasi gani kisha, hiyo wanaiachia bahati. Leo tunaeleza maisha ya mtu ambaye hakuiachia bahati, juu alikomalia kwanza mchezo mwingine kabisa.

Joe Davis alizaliwa tarehe 15 Aprili 1901 katika kijiji cha Whitwell, jimbo la Derbyshire, inchi ya Uingereza. Ni eneo la migodi ya makaa ya mawe. Baba yake alikuwa mchimbaji, kisha akaacha mgodi na kuendesha baa. Ndani ya baa mlikuwa meza kubwa ya biliadi, na hapo ndipo mtoto alijifunzia. Jicho lake la kuume halikuona vizuri, kwa hiyo alizoea kulenga na la kushoto, fimbo ikipita upande huo wa kidevu. Hata hivyo, akiwa na miaka 13 tu, alikwisha kuwa bingwa wa mji wa Chesterfield kwa wachezaji wasiolipwa. Kwenye miaka 18 akaanza kucheza kwa malipo.

Biliadi ya Waingereza si ile tunayoijua hapa kwetu. Inachezwa na mipira mitatu peke yake. Unapata pointi ukiingiza mpira shimoni, ao mpira wako ukigusa mwingine kisha uingie wenyewe, ao ukigusa yote miwili kwa pigo moja. Mipira ni michache, na ule mwekundu ukiingia unarudishwa mezani. Kwa hiyo ukipiga bila kufikiri mipira itasimama wapi, zamu yako imekwisha. Mchezaji analazimika kupima nguvu, kuzungusha mpira kulia ao kushoto, kuurudisha nyuma, na kuona mapigo matatu ao manne mbele. Davis alipitia shule hiyo ngumu miaka mingi, akawa bingwa wa dunia wa biliadi mwaka 1928.

Snooker, yenyewe, ilidharauliwa. Ilianzishwa na maofisa wa jeshi la Uingereza kule India mwaka 1875, na mabingwa wa biliadi waliiona kama mchezo wa kupitisha wakati. Mtu aliingiza mpira mmoja ao miwili, kisha akauficha mweupe ili kumsumbua mwenzake. Davis aliona kitu ndani yake. Akishirikiana na Bill Camkin, mwenye ukumbi wa biliadi huko Birmingham, alisukuma mashindano ya kwanza ya dunia yafanyike. Fainali ilichezwa mwaka 1927, Davis akamshinda Tom Dennis kwa 20 kwa 11. Zawadi yake? Pauni 6 na shilingi 10. Si mali ya kujengea nyumba!

Kile alichofanya ni kuhamisha ujuzi wa mipira mitatu kwenye meza ya mipira 22. Akiupiga mwekundu, alikuwa tayari anajua mweupe utasimama wapi kwa ajili ya mweusi, na kutoka mweusi anarudi kwenye mwekundu mwingine. Akaendelea hivyo mpaka mwenzake abaki kwenye kiti.

Kukaa kwenye kiti, yeye pia alikujua. Mwezi wa kwanza 1932, ukumbi wa Thurston's mjini London, Walter Lindrum wa Australia alimwekea pointi 4,137 kwa zamu moja ya biliadi. Lindrum alicheza karibu saa tatu. Davis alitazama tu. Mwaka 1933 na 1934 Lindrum alimshinda tena katika ubingwa wa dunia. Ustadi wa namna hiyo ulichosha hata watazamaji, juu mipira ilisogea kidogokidogo tu, na sheria zikabadilishwa. Watu wakaanza kuhamia snooker, ambako Davis alikuwa anawangojea.

Alishinda mashindano yote 15 ya kwanza ya dunia ya snooker, tangu 1927 mpaka 1946, kisha akajiondoa katika ubingwa huo bila kupoteza hata mara moja. Tarehe 22 Januari 1955, ukumbi uleule wa London, sasa ukiitwa Leicester Square Hall, alifikisha 147 mbele ya Willie Smith: nyekundu zote 15, kila moja ikifuatwa na mweusi, kisha rangi zote. Chama kilikataa kwanza kuitambua sababu ya tofauti ya sheria, kikakubali mwaka 1957.

Mtu peke yake aliyemshinda Joe bila kupewa pointi za kuanzia alikuwa mdogo wake, Fred. Mwaka 1978 Joe alikwenda Sheffield kumtazama Fred, mwenye miaka 64, akicheza nusu fainali ya dunia. Akaugua pale pale, akafariki tarehe 10 Julai. Miaka miwili kisha, Fred, aliyekwisha kubeba ubingwa wa snooker mara nane, alitwaa ule wa biliadi ya mipira mitatu.