Elizabeth Seton: Mke Aliyebeba Deni Pamoja na Mumewe



Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Siku mkopo unapoingia nyumbani kuna kicheko, na siku ya kulipa inapofika, mume na mke hawasemezani. Mume ameficha barua ya benki. Mke naye ana deni la dukani ambalo mumewe halijui. Leo tutazame maisha ya mama mmoja ambaye nyumba yake ilifilisika kabisa, na ambaye Kanisa limemtangaza mtakatifu. Huyo ni Elizabeth Ann Seton wa Marekani.

Elizabeth Bayley alizaliwa New York tarehe 28 Agosti 1774. Baba yake, Richard Bayley, alikuwa daktari mashuhuri. Mama yake alifariki Elizabeth akiwa bado mtoto mdogo. Jamaa yake walikuwa Waanglikana, naye alilelewa katika imani hiyo.

Tarehe 25 Januari 1794, akiwa na umri wa miaka 19, aliolewa na William Magee Seton. William alikuwa kifungua mimba wa mfanyabiashara tajiri, mwenye kampuni ya kusafirisha na kuuza bidhaa ng'ambo. Vijana hawa walipendana kwa dhati, na hawakukosa kitu. Mwaka 1797 Elizabeth alijiunga na akina mama wenzake kuanzisha chama cha kuwasaidia wajane maskini wenye watoto wadogo, naye akawa mweka hazina. Hakujua kwamba siku moja yeye mwenyewe angekuwa mjane wa namna hiyo.

Mwaka 1798 baba mkwe wake alifariki. Mzigo wote wa kampuni ukamwangukia William, na pamoja nao wadogo zake 6 waliokuwa bado wanahitaji malezi. Elizabeth alikuwa hajatimiza miaka 24. Alikuwa na watoto 2 na mimba ya tatu, lakini alihamia katika nyumba ya ukoo na kuwapokea wote. Wengi wetu tunalijua jambo hili. Mume ni mkubwa wa familia, karo ya wadogo zake inamngoja, na mshahara ni ule ule. Elizabeth hakuwahesabu watoto wale kuwa ni wa upande wa mume. Aliwalea na hata kuwafundisha masomo pamoja na wanawe.

Wakati huo Uingereza na Ufaransa zilikuwa vitani, na bahari haikuwa salama. Meli zilikamatwa na mali ikapotea. Washirika wa kampuni kule London nao walishindwa kulipa. William aliingiwa na hofu, na afya yake, iliyokuwa dhaifu kutokana na kifua kikuu, ikazidi kuzorota. Hapo ndipo ndoa ya watu hawa ilipopimwa. Usiku, watoto wakishalala, Elizabeth aliketi na mumewe na kumsaidia kuandika barua za biashara. Alijua kampuni inadaiwa na nani, na inamdai nani. Hakuna aliyelazimika kumnong'onezea sokoni kwamba mume wake ameharibikiwa.

Mwishoni mwa mwaka 1800 kampuni ilifilisika. Sheria ilitaka mali yote ya mdaiwa iorodheshwe kwa ajili ya wadai. Elizabeth aliandikisha vitu vya nyumba, hata nguo za watoto wake. Wakati huo walikuwa na watoto 4, na mdogo wao alikuwa hajafikisha mwaka. Mwaka uliofuata walihama nyumba ile ya ukoo, na mwaka huo huo wa 1801 baba yake Elizabeth alifariki kwa homa ya manjano aliyoambukizwa alipokuwa akiwahudumia wahamiaji. Mwaka 1802 walipata mtoto wa tano.

Tunaweza kujiuliza: je, Elizabeth hakuwa na sababu ya kumlaumu mumewe? Aliolewa katika utajiri, na sasa hata vijiko vyake vilikuwa vinahesabiwa. Lakini alielewa kwamba William hakuiponda mali yao katika anasa. Vita na bahari ndivyo vilivyoila. Hata kama kosa lingekuwa la William, masimango hayalipi deni. Elizabeth aliyachukua madeni ya mumewe kuwa ni yao wote wawili.

Mwaka 1803 waliuza baadhi ya vitu walivyobaki navyo ili wapate nauli ya meli kwenda Italia, wakitumaini kwamba hali ya hewa ya kule ingemsaidia mgonjwa. Walisafiri na binti yao mkubwa, Anna Maria, mwenye umri wa miaka 8. Walipofika bandari ya Livorno, wakuu wa bandari waliogopa homa ya manjano iliyokuwa New York, wakawafungia katika karantini kwa karibu mwezi mzima. Lilikuwa jengo la mawe, lenye baridi na unyevu. Elizabeth alimuuguza mumewe huko, akasali naye na kumsomea Maandiko. William, ambaye zamani hakujishughulisha sana na mambo ya dini, alimgeukia Mungu mahali pale. Alifariki mjini Pisa tarehe 27 Desemba 1803, siku chache baada ya kuruhusiwa kutoka.

Elizabeth alibaki mjane wa miaka 29, na watoto 5, bila mali. Ndugu wawili, Filippo na Antonio Filicchi, waliokuwa marafiki wa William katika biashara, walimpokea pamoja na binti yake. Hao walikuwa Wakatoliki, na katika nyumba yao na makanisa ya kwao Elizabeth alivutwa na imani yetu, hasa fumbo la Ekaristi. Alirudi New York mwaka 1804, na tarehe 14 Machi 1805 akapokelewa katika Kanisa Katoliki.

Uamuzi huo ulimgharimu. Baadhi ya jamaa na marafiki walijitenga naye, na msaada wao ukapungua. Antonio Filicchi aliendelea kumsaidia, lakini Elizabeth hakukaa akingojea msaada tu. Alijaribu kufundisha, shule ikashindwa. Akawapangisha nyumbani wanafunzi wa kiume, nayo kazi hiyo haikudumu. Mwaka 1808 alialikwa na padre mmoja kufungua shule ya wasichana Baltimore. Mwaka uliofuata alihamia Emmitsburg na kuanzisha shirika la Masista wa Upendo, huku akiendelea kuwalea watoto wake. Shuleni kwao karo ya wasichana wenye uwezo ilisaidia kuwasomesha wale wasiokuwa nacho. Mama aliyejifunza hesabu katika nyumba iliyofilisika alijua namna ya kufanya kidogo kitoshe.

Alifariki tarehe 4 Januari 1821, akiwa na miaka 46. Papa Paulo VI alimtangaza mtakatifu tarehe 14 Septemba 1975, naye akawa mtakatifu wa kwanza aliyezaliwa Marekani.

Wapendwa, Mungu hakumrudishia Elizabeth utajiri wake, wala hakumponya William. Imani si dawa ya kufuta deni. Dawa ya deni ni kulipa. Lakini deni halikuvunja ndoa ile, kwa sababu halikufichwa.

Basi jioni moja ya wiki hii, watoto wakishalala, ketini wawili na daftari. Salini kwanza. Kisha kila mmoja ataje anachodaiwa: benki, chama, ushirika, duka, mkopo wa simu, hata zile shilingi za jirani. Anayesikiliza asipandishe sauti. Andikeni jumla, mpange ni lipi litalipwa kwanza, na mkubaliane kwamba hakuna atakayekopa wala kumdhamini mtu bila mwenzake kujua. Mkiona mzigo umewashinda, mwendeeni mdai kabla dalali hajabisha mlangoni. Nendeni wote wawili.