Saturnino Herrán: Msanii Aliyededi Kabla Achore Ukuta wa Ndoto Yake

Ukiuliza wasee kuhusu michoro ya ukutani Mexico, wengi watakutajia Diego Rivera. Fiti. Lakini kuna jamaa walisoma naye na karibu amtangulie. Anaitwa Saturnino Herrán.

Alizaliwa Aguascalientes mwaka wa 1887. Buda yake alikuwa na duka la vitabu, so maisha haikuwa mbaya. Halafu mzee akafariki kijana akiwa bado tineja, na mambo ikageuka. Yeye na mathe wakahamia Mexico City. Akaanza kuhustle kwenye stoo ya telegrafu huku anasomea kuchora pale akademia ya San Carlos.

Baadaye akapata kibarua cha kunakili michoro ya kale ya Teotihuacán, iliyochorwa karne nyingi kabla Wahispania wakanyage huko. Akili ikafunguka.

Kuanzia 1914 akaingia kwa mradi mkubwa: *Nuestros dioses*, yaani Miungu Yetu, wa kupamba Teatro ya Taifa iliyokuwa bado inajengwa. Plan ilikuwa ya sehemu tatu. Upande mmoja, wenyeji wanaleta sadaka zao. Upande ule mwingine, Wahispania na dini yao. Katikati ndio kuna moto: Coatlicue, mungu wa kike wa Waazteki mwenye sketi ya nyoka, na ndani ya mwili wake Kristo amesulubiwa. Pande zote mbili zinainama mbele ya kitu kimoja.

Cheki timing sasa. Mexico ilikuwa katikati ya mapinduzi, watu wanauana, na huyu msee amekaa chini na karatasi, krayoni na rangi za maji akiwaonyesha damu yao imeshachanganyika.

Ukuta hakuufikia. Tarehe 8 Oktoba 1918 ugonjwa wa tumbo ulimmaliza akiwa na miaka 31 tu. Aliacha bibi yake, Rosario, na mtoto mdogo.

Teatro ilikuja kufunguliwa 1934 ikiitwa Palacio de Bellas Artes. Mchoro wa Rivera uko ndani. Wa Herrán ulibaki kwa karatasi, na bado watu husimama mbele ya hiyo Coatlicue wakinyamaza.

So kama uko na draft imelala kwa droo juu hujapata ukuta, usiichome. Ya Herrán imeishi kumshinda.