Mirambo: Mtemi aliyeifunga njia ya misafara

KIJANA anatoka katika kijiji kidogo akiwa na silaha duni. Anakusanya wenzake mmoja mmoja, anajipatia mali, ananunua silaha bora, kisha anamkabili adui mwenye nguvu kuliko yeye. Wanaocheza katika simu zao ile michezo ambayo mchezaji huvaa uhusika wa shujaa, iliyotengenezwa kwa kuiga michezo ya zamani ya Kijapani iliyounganishwa na runinga, wanaijua vilivyo hadithi hiyo. Ilikwisha kutokea hapa nchini, magharibi ya Tabora, katika karne ya 19.

Shujaa wake ni Mtyela Kasanda, aliyezaliwa yapata mwaka 1840 huko Uyowa, utemi mdogo wa Unyamwezi. Masimulizi yanaeleza kuwa alipata kuishi miongoni mwa Wangoni waliofika pande hizo kutoka kusini, na huko ndiko alikojifunza mbinu zao za vita. Baba yake alipofariki alirithi utemi, akauunganisha na Ulyankulu. Jina la Mirambo, lenye maana ya maiti, alilipata kwa ajili ya vita.

Hakurithi jeshi la maana. Aliwakusanya rugaruga: vijana wasio na makwao, mateka, wapagazi walioikimbia misafara na watumwa waliowatoroka mabwana zao. Aliwapa bunduki na sehemu ya nyara, naye mwenyewe akawaongoza vitani.

Hata hivyo, bunduki na baruti zilitoka pwani, kwa njia iliyoanzia Bagamoyo, ikapita Tabora na kuishia Ujiji. Hapo ndipo penye kiini cha maisha yake. Waarabu wa Tabora walikwisha kumwondoa mtemi wa Unyanyembe, Mnywa Sere, aliyetaka kuwatoza ushuru, na kumtawaza Mkasiwa mahali pake. Mirambo aliyaona yaliyompata mwenziwe. Akadai kila msafara unaopita katika nchi yake utoe hongo, neno ambalo siku hizo lilikuwa na maana ya ushuru wa njia na halikuwa na aibu yoyote. Mwaka 1871 ugomvi ulipozidi, aliifunga njia.

Agosti mwaka huo Waarabu walimwendea na jeshi kubwa, Henry Morton Stanley akiwa miongoni mwao. Waliteka kijiji, wakabeba pembe za ndovu na watumwa, na walipokuwa wakirejea wakavamiwa na kuuawa kwa wingi. Siku chache baadaye Mirambo aliingia Tabora kwenyewe, akachoma sehemu ya mji, na mfanyabiashara mashuhuri Khamis bin Abdullah akauawa. Stanley ilimlazimu azungukie kusini ili afike Ujiji. Hivyo ule mkutano wake na Livingstone unaosimuliwa duniani kote ulicheleweshwa na mtemi wa Kinyamwezi, jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka.

Sultani Barghash wa Zanzibar alipeleka askari, nao hawakumshinda. Amani ilipatikana miaka minne baadaye. Mwaka 1876 Stanley alichanjana naye udugu wa damu, akamfananisha na Napoleon. Sifa ambayo imerudiwa mno, ilhali Mirambo hakuihitaji.

Shabaha yake sasa ilikuwa kufanya biashara na pwani bila kuwategemea Waarabu wa Tabora. Mwaka 1879 alimpokea Urambo mmisionari na daktari, Ebenezer Southon, na akajenga urafiki na John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza huko Zanzibar. Mwaka uliofuata Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliuawa huko Pimbwe katika shambulio la watu wake na washirika wao. Kirk akampa kisogo.

Mirambo alifariki Desemba 2, 1884, kwa ugonjwa wa koo. Katika michezo ya simu, anayeanguka hurejea pale alipohifadhi hatua zake. Dola ya Mirambo haikuwa na mahali pa kuhifadhiwa zaidi ya nafsi yake. Ndugu yake Mpandashalo alirithi kiti, lakini watemi wadogo wakaanza kujitenga. Aliuawa vitani mwaka 1890, mwaka ule ule Wajerumani walipopandisha bendera yao Tabora. Isike wa Unyanyembe, hasimu wa miaka mingi wa Mirambo, alibaki kupigana nao peke yake hadi Januari 1893, walipoivunja ngome yake naye akaliwasha moto ghala la baruti akiwa ndani.