Paul Robeson na ngozi ya chui

Hapa Katoyi vijana wakicheza teatri, mwenye mwili mkubwa na sauti nzito anajua kazi yake mbele hata ya kuambiwa: atakuwa mwizi, ao askari mubaya. Watu wanacheka, njo mwaka unaofuata anapewa tena ileile. Leo tunaeleza maisha ya mtu aliyefungwa namna hiyo mbele ya dunia nzima. Na waliomupokea sawa mtu kamili walikuwa wachimbaji.

Paul Robeson alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898 kule Princeton, Marekani. Baba yake alizaliwa mtumwa, akatoroka, akakuwa pasta. Mtoto alisoma Rutgers, kisha sheria pale Columbia, akamaliza mu 1923. Akaingia bureau moja ya waavoka. Sekretere muzungu akakataa kuandika maneno ya mtu mweusi. Robeson akatoka, akaenda ku teatri na kuimba, juu sauti alikuwa nayo.

Mu 1930 alicheza Othello London, watu wakashangilia. Lakini wenye filme walimuona paka kwa njia moja. Ndugu wawili, Alexander na Zoltan Korda, walimupa kuwa chifu Bosambo mu Sanders of the River, iliyotoka 1935. Robeson alikuwa amejifunza hata Kiswahili mu London, akawaza filme hii itaonyesha heshima ya Afrika. Kati ya wacheza wadogo alikuwa Mukenya mumoja aliyekuwa anatafuta franga ya kuishi: Jomo Kenyatta. Fikirini picha ile: avoka wa Columbia amevaa ngozi ya chui, nyuma yake prezida wa kesho wa Kenya, wote wanamutii bwana mukubwa Muingereza. Ungecheka kama haikuwa na uchungu. Filme ilipokwisha, kumbe inasifu ukoloni! Robeson alikasirika sana, akasema walimudanganya. Lakini alikuwa amekwisha kutia sahihi na kula makuta yake, hatuwezi kuficha hilo.

Kuanzia hapo akaanza kubishana mbele ya kutia sahihi. Kwa Song of Freedom, mu 1936, alidai haki ya kukubali ao kukataa filme ikimalizika. Huko ni mufanyakazi wa bandari ya London; ni afazali, ijapokuwa mwishoni anagunduliwa kuwa mufalme wa kisiwa cha Afrika. Mwaka uliofuata, King Solomon's Mines: mufalme tena, na wazungu wanatafuta almasi.

Nafasi ya kweli ilitoka Wales, inchi ya makaa ya mawe. Mwisho wa miaka ya 1920 Robeson alikuwa amekutana mu barabara za London na wachimbaji wa kule, hawana kazi, wanatembea wakiimba. Akajiunga nao, na urafiki haukukatika. Mu 1940 akacheza The Proud Valley. Hapo anaitwa David Goliath, baharia asiye na kazi anayeshuka mu shimo pamoja na wengine. Wakati mumoja analalamika juu ya rangi yake, mwenzake anajibu kwamba chini kule wote ni weusi. Kila anayetoka mu shimo jioni anajua hiyo si maneno ya filme tu. Robeson aliipenda kupita zote. Sisi tunaona kasoro moja: mwishoni ni David anayekufa ili wenzake watoke.

Mu 1942, kisha Tales of Manhattan, iliyomutia haya, akaachana na Hollywood. Mwaka uliofuata akarudia Othello, mara hii New York, mara 296.

Siasa yake ikakasirisha serikali. Mu 1950 ikamunyanganya pasaporte. Mu 1952 sendika ya wachimbaji ilimwalika Canada. Akazuiwa ku mupaka, akawaimbia kwa telefone. Miezi michache nyuma yake wakasimamisha kamio palepale mupakani, akaimba juu yake mbele ya maelfu. Mu 1957 wachimbaji wa Wales walikusanyika Porthcawl, karibu watu 5.000, naye New York. Sauti ikapita mu waya chini ya bahari, nao wakamurudishia wimbo. Mwaka uliofuata alipata pasaporte, akaenda Wales mwenyewe.

Alikufa Philadelphia tarehe 23 Januari 1976. Ilikuwa imepita miaka 34 tangu aache kucheza filme.