Benjamin Franklin na mpira wa mkojo

Benjamin Franklin alizaliwa Boston, Marekani, mwaka 1706, na wengi wanamjua kwa majaribio yake ya umeme. Mwaka 1752 kaka yake John aliteseka kwa mawe kwenye kibofu. Mirija ya kutolea mkojo ya wakati ule ilikuwa migumu, yenye kuumiza. Franklin, akiwa Philadelphia, alikaa na sonara mpaka ukapatikana mrija wa fedha unaopinda, akamtumia kaka yake. Uzeeni naye aliugua mawe hayo hayo. Alifariki mwaka 1790.

Mama, ulaini huo bado ni muhimu. Njia ya mkojo ikikwaruzwa au kuwashwa, hupona kwa kovu, na kovu huweza kuibana. Ndiyo maana mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa kurekebisha njia ya mkojo mara nyingi huwekewa mpira laini wa silikoni, usiowasha sana kama wa lateksi.

Usiuvute wala kuukunja. Mkojo ukiacha kutoka, au mtoto akipata homa, mrudishe hospitali mara moja. Mpira ukishatolewa, angalia mkojo: ukitoka kwa shida au ukiwa mwembamba kama uzi, huenda kovu limeanza kubana. Usisubiri.